Tunapofika Mpakani

Wengine wenu mnatusikiliza mkiwa nyumbani pamoja na jamaa zenu. Wengine mko safarini, ndani ya basi, au mmeegesha lori kando ya barabara mkingoja zamu yenu. Kwenu nyote tunasema, karibuni tukae pamoja kwa dakika chache mbele za Mungu.

Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo halihubiriwi mara nyingi, nalo ni safari za kuvuka mpaka. Wakristo wengi wa nchi yetu hupita Namanga, Busia, Malaba, Isebania, Taveta na Lunga Lunga. Mmoja aenda kumzika shangazi yake upande wa pili. Mwingine aenda kununua mahindi au vitenge. Kwaya yaenda kuimba katika sikukuu ya usharika rafiki. Nao wote hufika mahali pamoja, mbele ya dirisha, ambapo ameketi mtu mwenye mhuri mkononi. Swali letu ni hili: Mkristo akisimama mbele ya dirisha lile, Ukristo wake huwa wapi?

Msidhani ya kuwa jambo hili ni geni katika Maandiko. Mkifungua kitabu cha Hesabu, sura ya ishirini, mtamwona Musa amefika mpakani mwa nchi ya Edomu. Alikuwa na watu wengi nyuma yake, wamechoka, wana watoto na mifugo. Naye alifanya nini? Alituma wajumbe kuomba ruhusa. Alimwita mfalme wa Edomu ndugu. Aliahidi kwamba watapita katika njia kuu tu, hawatakanyaga shamba la mtu, na wakinywa maji watayalipia. Hata hivyo alikatazwa. Edomu walitoka na silaha. Na Musa, ambaye Bahari ya Shamu ilikuwa imegawanyika mbele yake, aligeuka akazunguka njia ya mbali. Hakupigana, wala hakutafuta kijia cha kupenya usiku.

Mkisoma tena habari za Nehemia, mtaona ya kwamba alipotaka kwenda Yerusalemu hakuridhika na maombi peke yake. Aliomba kwanza, ndiyo, kisha akamwomba mfalme ampe barua kwa maliwali wa ng'ambo ya Mto, ili wampitishe. Hizo barua ndizo zilizokuwa paspoti ya siku zile. Nehemia alikuwa mtu wa sala, naye alikuwa na karatasi zake mkononi. Wako wapendwa wetu wanaosema, "Tutakwenda kwa imani tu." Ndugu zetu, imani ya Nehemia ilipitia ofisini kwanza.

Sasa tutazame mipaka yetu wenyewe. Mstari unaotutenga na Tanzania, toka mlango wa mto Umba hata Ziwa Victoria, ulipangwa na Waingereza na Wajerumani katika mapatano yao ya mwaka wa 1886. Wenye nchi hawakuulizwa. Kwa hiyo twawaona Wamasai pande zote mbili za Namanga, Wakuria pande zote mbili za Isebania, Wadigo pande zote mbili za Lunga Lunga. Na kule Busia na Malaba wako Wasamia na Wateso, ambao ndugu wa baba mmoja wana vitambulisho vya serikali mbili.

Kanisa letu la Anglikana nalo lalijua jambo hili. Toka mwaka wa 1960 Kenya na Tanganyika zilikuwa jimbo moja, Jimbo la Afrika Mashariki, chini ya askofu mkuu mmoja. Mwaka wa 1970 tukawa majimbo mawili. Tuliachana kwa amani, kama ndugu waliokua na kila mmoja akajenga nyumba yake. Lakini baada ya miaka michache ukaja wakati mgumu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka wa 1977, na katika Februari ya mwaka ule Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya. Ulikaa umefungwa hata Novemba 1983. Wazee wetu wa Taveta na Namanga wanaikumbuka miaka ile. Harusi zilifanyika pasipo wajomba, na misiba ikazikwa pasipo kaka. Walioposana upande huu na upande ule walingoja, na wengine wakachoka kungoja.

Twayataja haya ili tujue kuvuka mpaka kwa amani ni neema. Jumuiya ilirudi kwa mkataba uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, ukaanza kutumika mwezi wa Julai mwaka wa 2000. Toka mwaka wa 2014 Mkenya aweza kuingia Uganda au Rwanda kwa kitambulisho chake cha taifa. Na mwaka wa 2018 vilifunguliwa rasmi vituo vya pamoja vya Busia na Namanga. Zamani ulipigiwa mhuri wa kutoka upande huu, ukavuka, ukapanga mstari mwingine upande wa pili. Siku hizi wapita moja kwa moja hata jengo la nchi unayoingia, na humo wawakuta maafisa wa nchi zote mbili, dirisha kwa dirisha. Tuwashukuru waliofanya kazi hiyo.

Lakini, ndugu wasikilizaji, jengo jipya halibadilishi moyo wa mtu anayeingia ndani yake, wala wa yule anayeketi humo. Serikali yaweza kuondoa mstari mmoja. Haiwezi kuuondoa uongo ulio ulimini mwetu, wala ile noti iliyokunjwa ndani ya paspoti.

Hebu tuwaeleze jambo lililotupata sisi wenyewe. Tulikuwa tumekodi basi, kwaya pamoja na akina mama wa usharika, tukienda Arusha kwenye sikukuu ya ndugu zetu. Tulipofika mpakani mistari ilikuwa mirefu, na jua limepanda. Kijana wetu mmoja, mwimbaji wa besi, akagundua kwamba kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano imebaki nyumbani. Ndipo akaja mtu mmoja nadhifu, si afisa, ila ni wale wanaoshinda pale nje wakijua shida za wasafiri. Akasema, "Kasisi, msisumbuke. Kila mmoja atoe shilingi mia mbili tu. Mimi nitaingia ndani niongee na wakubwa, na huyu kijana atapita, nanyi hamtapanga mstari."

Wengi katika basi walishusha macho. Wengine walianza kufungua mikoba, kwa kuwa ibada ilikuwa ya saa nane na saa sita ilikuwa imepita. Ndipo mama mmoja mzee, mwenye kitambaa cheupe cha Umoja wa Akina Mama, akamjibu yule mtu kwa upole, "Mwanangu, tukizitoa hizo pesa hapa, kule mbele tutaimba nini?"

Yule mtu akacheka, akaenda zake kwenye basi lililofuata. Sisi tukapanga mstari. Kijana wetu alirudi nyumbani kwa matatu, na mzee mmoja wa kanisa akashuka akarudi pamoja naye ili asirudi peke yake. Je, mwataka kusikia kwamba Mungu alifanya ajabu, milango ikafunguka, tukafika kwa wakati? Sivyo. Tulifika ibada imekwisha, viti vinakusanywa. Wimbo tulioufanyia mazoezi miezi mitatu hatukuimba. Wenyeji walitupa chakula, tukala, tukarudi. Vijana wengine walinung'unika njia nzima, na hatukuwakemea, maana walikuwa wamepoteza kitu cha kweli.

Twawaambia haya kwa sababu mahubiri mengine hufanya uaminifu uonekane kama biashara: mpe Mungu shilingi moja ya ukweli, naye atakurudishia kumi kabla ya jioni. Mara nyingine haki hugharimu, na gharama hiyo hairudi siku ile. Wale wenzake Danieli hawakuahidiwa kwamba tanuru itapoa. Walisema hata kama Mungu hatawaokoa, hawataisujudia sanamu. Basi kama wao walikuwa tayari kupoteza maisha, sisi twashindwaje kupoteza wimbo mmoja?

Tena msidanganyike kwa kusema, "Nilitoa tu chai, mwenye dhambi ni aliyepokea." Sheria ya Kenya dhidi ya hongo, ya mwaka wa 2016, yamtia hatiani anayetoa na anayepokea. Na neno la Mungu lilikwisha kusema mapema zaidi, tangu siku za Musa, kwamba hongo humpofusha hata mwenye macho mazuri.

Hapa twataka kuwageukia akina mama zetu wanaofanya biashara ndogo ndogo. Twajua mnaamka saa kumi usiku. Twajua wengi wenu hupita njia za panya, mkiwa na mizigo kichwani, kwa kuwa mwaogopa kwamba mkipita langoni mtatozwa fedha zote za faida. Na kule njia za panya mwakutana na watu wabaya, na mara nyingine wanaotaka zaidi ya fedha. Sikieni basi, maana hili ni neno la kuwasaidia. Bidhaa zilizotoka katika nchi za Jumuiya, kama vile mahindi, maharagwe, ndizi na mayai, zikiwa na thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, zina cheti chake rahisi cha kuonyesha zilikotoka, ambacho hutolewa pale pale mpakani. Ukiwa nacho, bidhaa hizo hazitozwi ushuru wa forodha. Afya ya chakula itakaguliwa, na kodi nyingine zaweza kuwapo. Lakini ule ushuru mnaouogopa haupo. Kiulizeni cheti hicho kwa jina lake. Mwendeni wawili wawili au watatu watatu. Na ninyi viongozi wa sharika za mipakani, wafundisheni mama hawa baada ya ibada. Kumjulisha mjane haki yake ni ibada pia.

Sasa twasema na ninyi mnaoketi ndani ya dirisha. Maana wengi wenu ni washirika wetu, mwaimba katika kwaya zetu, na watoto wenu tumewabatiza. Hatutaki kuwasema kama watu walio nje. Twajua kazi yenu. Mwakutana na mamia ya watu kwa siku, nusu yao wamekasirika, na wengine wanawadanganya machoni penu. Mwafichiwa bangi katika magunia ya mkaa, na mwaletewa watoto waliopewa majina ya uongo na watu wanaotaka kuwauza. Mkilegea, mtu asiye na hatia hupotea. Mungu awatie nguvu.

Lakini kumbukeni kwamba mmoja wenu aliandikwa katika hesabu ya wale Thenashara. Mathayo aliitwa na Bwana akiwa ameketi forodhani. Kapernaumu ilikuwa karibu na mpaka wa nchi ya Herode Antipa na nchi ya ndugu yake Filipo, na bidhaa zilipita hapo zikitoka na kwenda. Mathayo alikuwa mtu wa dirishani. Yesu hakumpita akitazama pembeni kama walivyofanya wenye dini. Alisimama, akamtazama, akamwita. Na Zakayo, mkubwa wa watoza ushuru wa Yeriko, siku alipompokea Bwana alifungua daftari yake, akaahidi kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Toba yake ilihesabika kwa fedha.

Na Yohana Mbatizaji, watoza ushuru walipomwuliza wafanye nini, je, aliwaambia waache kazi? La. Aliwaambia wasitoze zaidi ya kile kilichoamriwa. Na askari aliwaambia wasimdhulumu mtu, waridhike na mishahara yao. Basi, ndugu afisa, unaweza kumtumikia Mungu papo hapo ulipo, kwa mhuri ule ule. Kila amwonaye mama mwenye kikapu na kumpa haki yake bila kumzungusha amefanya kazi ya Mathayo baada ya kuitwa.

Iko hatari nyingine nanyi mwaijua. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya kumi na mbili, twasoma habari za watu wa Gileadi walioshika vivuko vya Yordani. Kila aliyetaka kuvuka alitakiwa kutamka neno moja, Shibolethi. Aliyeshindwa kulitamka sawasawa alijulikana kuwa ni Mwefraimu, akauawa. Watu elfu arobaini na mbili walikufa kwa sababu ya herufi moja. Na waliowaua walikuwa ndugu zao, wana wa Yakobo mmoja. Tusicheke habari hiyo. Mpaka hata leo waweza kugeuka kuwa mahali pa kumpima mtu kwa lafudhi yake, kwa kabila la jina lake, au kwa rangi ya nguo zake.

Mwaka wa 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona, tuliyaona haya. Madereva wa malori walikwama siku nyingi Malaba, Busia na Namanga wakingoja majibu ya kupimwa, foleni zikawa za kilometa nyingi. Walilala ndani ya malori, maji hakuna, choo hakuna. Nasi tuliokuwa tukila unga na kupona kwa dawa walizotuletea, tuliwaita waleta maradhi. Lakini wako pia watu wa kando ya barabara waliowapelekea chai na maji, wakiyaweka chini na kurudi nyuma ili wasiambukizane. Bwana aliwaona wale.

Wapendwa, Kanisa letu lilipandwa katika udongo wa mipaka. Mwaka wa 1885 Askofu James Hannington alitoka pwani, akapita katika nchi ambayo leo ni Kenya, ili aingie Buganda kwa njia ya mashariki. Hakujua jinsi jumba la Kabaka Mwanga lilivyoiogopa njia ile. Alikamatwa Busoga, akafungwa zaidi ya juma moja, na mwezi wa Oktoba akauawa pamoja na wengi wa wapagazi wake. Twamkumbuka askofu kila mwaka. Tuwakumbuke na wapagazi, watu wa nchi zetu, ambao majina yao hayakuandikwa katika kalenda.

Na Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa katika utawala wa Idi Amin, Askofu Festo Kivengere wa Kigezi na mkewe walikimbia usiku, wakapanda milima kwa miguu hata wakaingia Rwanda. Kwao ule mstari wa mpaka ulikuwa tofauti kati ya kifo na uhai. Vivyo hivyo Yusufu alivyomchukua mtoto Yesu na mamaye usiku, akaenda nao Misri. Hatusomi kwamba mtu yeyote aliwazuia. Basi mkimbizi anaposimama mbele ya dirisha lako, amevumbika, hana karatasi kama za Nehemia, mkumbuke Mtoto yule. Sheria ina njia yake kwa mkimbizi. Mwonyeshe njia hiyo.

Basi tukusanye tuliyosema. Msafiri, tengeneza karatasi zako kabla ya safari, wewe na watu unaowaongoza. Sema kweli juu ya mzigo wako. Msalimu afisa kwa heshima, maana ni mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu, wala si ukuta wenye tundu. Ukizuiliwa kwa haki, rudi kwa amani kama Musa. Ukizuiliwa pasipo haki, omba kumwona mkubwa wake, andika siku na saa, ulalamike kwa njia iliyo wazi. Paulo naye alitumia haki ya uraia wake wa Kirumi, na hakuona haya. Lakini mkono wako usiingie mfukoni gizani.

Neno la mwisho. Sisi sote tulikuwa wageni, watu wa mbali, tusio na haki ya kuingia kwa Baba. Mitume watufundisha ya kuwa sasa sisi ni wenyeji pamoja na watakatifu. Tumeupataje uenyeji huo? Hatukuupata kwa dalali aliyetuomba kitu kidogo. Yesu alitolewa nje ya lango la mji, kama mtu asiyetakiwa na nchi yoyote, akafa huko, ili sisi tuliokuwa nje tuingizwe ndani. Mtu aliyeingizwa kwa gharama kubwa namna hiyo hawezi tena kumnyanyasa aliye nje, wala kujiingizia kwa hila.

Tuombe.

Bwana Mungu, mwenye dunia yote, uwalinde wote walio njiani usiku huu, madereva, wachuuzi na wanafunzi. Uwape maafisa wetu macho makali ya kuona uovu na moyo mwororo wa kuona mtu. Uwalinde akina mama wanaopita gizani, uwarudishe langoni bila hofu. Utupe sisi nguvu ya kuchelewa kwa haki kuliko kuwahi kwa hila. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.